Antena ya pachi ya bendi mbili, na ile S11 iliyonifurahisha bure

Jamaa yangu mmoja ni mpima ardhi, kazi zake ni viwanja na mashamba kuanzia huku Dar mpaka Bagamoyo na Mkuranga, sasa mwaka jana akanijia na ombi ambalo kwa kulisikia tu lilionekana dogo. Alikuwa ameshapata moduli ya risiva ya GNSS (setilaiti za kuonyesha mahali, kama GPS) ya bendi mbili, yaani inasikiliza frikwensi mbili za GPS zinazoitwa L1 na L5, kitu kidogo kama kiberiti, kilichombakia ni antena. Zile za uhakika alizoziona zilikuwa kubwa kama sahani ya wali na nzito, yeye alitaka kitu cha kukaa juu ya fimbo nyepesi ambayo kijana wake anaibeba juani siku nzima, kisizidi sentimita kumi kwa upande. Akaniambia, "Fundi, wewe si ndiyo mambo yako haya, nitengenezee basi." Nikamwambia nipe wiki mbili. Ikawa miezi mitano, na hii post ni ya kueleza hiyo miezi mitano ilienda wapi, maana kuna vitu nilivijua kwa kusoma tu na sikuwa nimeviona kwa macho.

Tuanze na kwa nini bendi mbili, maana watu wengi wanadhani ni mbwembwe za bei. Setilaiti ya GPS iko juu kama kilomita 20,200, signo yake ikishuka inapita kwenye ionosfia, yaani tabaka la juu lenye chaji za umeme, na humo inacheleweshwa. Ule ucheleweshaji unapungua kadiri frikwensi inavyopanda, tena kwa mraba wake, kwa hiyo L5 iliyoko megahezi 1176.45 inachelewa karibu mara 1.8 ya L1 iliyoko megahezi 1575.42. Ukizipokea zote mbili kutoka setilaiti ileile unazilinganisha, unapiga hesabu, ule ucheleweshaji unautoa karibu wote. Na huku kwetu jambo hili ni zito kuliko Ulaya, kwa sababu ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na elektroni zinarundikana kaskazini na kusini ya ule mstari mpaka kama nyuzi 15 hivi, maana yake Afrika Mashariki yote tumo ndani. Mchana kwenye saa nane, jua likiwa kwenye kilele cha mzunguko wake kama lilivyokuwa 2024, mrundikano unaweza kuvuka vizio 100 vya TEC, yaani kipimo cha jumla ya elektroni ambazo signo inapita kati yake, na kila kizio kimoja kinaongeza kama sentimita 16 kwenye L1. Mita 16 hizo. Ukiwa na besi yako jirani, yaani risiva ya pili iliyotulia kwenye nukta inayojulikana, makosa yanafutana, ila jamaa yangu anafanya kazi mpaka kilomita 30 kutoka kwenye besi, huko hayafutani vizuri.

Haya, polaraizesheni ya mduara. Signo ya GPS haishuki ikiwa imelala upande mmoja kama ya redio au ya TV, inashuka huku inazunguka kulia, vilevile skrubu ya kawaida inavyozunguka ikizama kwenye ubao, ndiyo hiyo wanaiita RHCP. Waliichagua kwa sababu ionosfia ina tabia ya kuipinda polaraizesheni ya mstari, ikifika chini hujui imelalia wapi, lakini inayozunguka hata ukiipinda inabaki inazunguka. Faida ya pili ndiyo naipenda zaidi: signo ya RHCP ikigonga bati inarudi imegeuka, inazunguka kushoto. Sasa fikiria mtaa mzima wa nyumba za bati la msauzi, signo zinadunda kila mahali, antena inayozunguka kulia kwelikweli inazikataa zile zilizodunda bila programu yoyote, ni umbo la shaba tu linafanya hiyo kazi. Ukiipa risiva antena ya mstari unapoteza desibeli 3 papo hapo na unakaribisha kila kilichodunda, na hiyo ni sababu mojawapo simu zetu, pamoja na kwamba zingine zina L5 tangu ile Xiaomi Mi 8 ya 2018, bado zinakuweka upande wa pili wa barabara.

Pachi yenyewe kwa kuiangalia haina maajabu. Kipande cha shaba juu, kibao katikati, shaba nyingine chini kama graundi. Wazo liliandikwa na Deschamps mwaka 1953, likakaa tu, mpaka miaka ya 1970 ndipo Munson na Howell wakalifanya kitu cha kutumika. Pachi inavuma pale urefu wake unapokuwa karibu nusu ya urefu wa wimbi ndani ya kibao. Kwenye hewa tupu nusu wimbi ya L1 ni sentimita 9.5 na ya L5 ni 12.7, hapo tayari umeshavuka kipimo cha jamaa yangu. Ukiweka kibao cha FR4, ile bodi ya kijani ya kawaida unayoikuta Kariakoo, wimbi linafupika mara mbili, pachi ya L1 inatoka kama milimita 46 na ya L5 kama 61.5. Nikasema basi kazi imeisha.

Ili izunguke, pachi ya mraba inabidi ivume pande mbili kwa wakati tofauti kidogo. Njia rahisi ni kukata kona mbili zinazotazamana. Ule mshazari uliokatwa unakuwa mfupi kwa hiyo unavuma kwenye frikwensi ya juu kidogo, mshazari mwingine unavuma chini kidogo, ukikaa katikati ya hizo mbili mmoja unatangulia mwingine unachelewa kwa robo mzunguko, na hapo ndipo wimbi linapoanza kuzunguka. Kiasi cha kukata kinategemea Q ya pachi, yaani namba inayosema inavuma kwa bendi nyembamba kiasi gani (Q kubwa, bendi nyembamba), eneo la kona mbili kugawa kwa eneo la pachi nzima liwe kama moja kugawa kwa Q mara mbili. Kwa FR4 ya milimita 1.6 nilipata Q ya kama 35, kona zikawa za milimita 5.5 kila moja. Na kona zipi? Ukiitazama pachi kwa mbele, pini ya kupitishia signo ikiwa chini katikati, kwa kulia unakata ya juu kulia na ya chini kushoto. Ukikata zile nyingine mbili umepata antena ya kushoto.

Nikachora, nikaprinti kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, nikapiga pasi juu ya bodi, nikaitumbukiza kwenye feriki kloraidi, nikaitoa safi, nikaweka konekta ya SMA, nikachomeka kwenye NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena. S11, yaani kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kuingia kwenye antena, ikashuka mpaka desibeli 22 chini ya sifuri, megahezi 1571, yaani karibu kabisa na nilipotaka mara ya kwanza tu! Nilifurahi mno, nikaipiga picha nikamtumia jamaa yangu.

Nikapanda nayo juu ya paa na risiva, setilaiti zikaonekana chache, zile za juu kichwani ambazo kwa kawaida zinasoma dB-Hz 45 kwenda juu (kipimo cha nguvu ya signo dhidi ya kelele) zikawa 27, 28, nyingine zinatokea zinapotea. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha risiva, nikahamisha mahali, siku mbili zikaisha. Usiku wa pili nimeshika ile bodi mkononi naiangalia chini ya taa ndipo nikaona. Ukiprinti kwenye karatasi halafu ukaigeuza na kuipiga pasi, picha inageuka kama kwenye kioo. Mimi sikuigeuza kabla ya kuprinti. Kona zilizokatwa zilikuwa juu kushoto na chini kulia. Nilikuwa nimetengeneza antena nzuri kabisa ya kushoto, inakataa setilaiti na kupokea yale yaliyodunda kwenye mabati ya majirani.

Na hapa ndipo nilipoanza kuielewa S11 vizuri. Kwa S11, antena ya kulia na ya kushoto ni kitu kimoja, haioni tofauti yoyote, inachokwambia ni nguvu ngapi haikurudi. Imeenda wapi, inazunguka upande gani, hilo halimo. Mwenye macho ya kuangalia chati ya Smith, ule mchoro wa duara kwenye NanoVNA, anaweza kuona kitu kidogo zaidi, mstari ukifika kwenye frikwensi ambayo mzunguko ni mzuri unafanya kikona kilichochongoka, kama ncha ya jani, na ile ncha inakwambia zile vumo mbili ziko sawasawa. Ikiwa badala ya ncha unaona kitanzi kikubwa umekata kona sana, ikiwa mstari umepita laini tu umekata kidogo. Hicho ndicho kitu cha maana unachokipata kwenye NanoVNA kuhusu polaraizesheni, na hata hicho hakijui kulia na kushoto.

Nikatengeneza ya pili, nimegeuza picha. Setilaiti zikaja zote, nikaruka. Ila namba zilikuwa 38, 39, na antena ndogo ya seramiki ya milimita 25 niliyokuwa nayo, ile ya bei ya chai inayokuja na moduli, ilikuwa inasoma 43 mahali palepale. Pachi yangu ya milimita 46 inashindwa na kipande cha milimita 25. Hapo niliumia kweli, maana S11 ilikuwa bado nzuri, desibeli 24, tena upana wa bendi ni mkubwa kuliko nilivyotegemea.

Huo upana ndio ulipaswa kunishtua. FR4 inakula nguvu. Kipimo chake cha upotevu ni kama 0.02, maana yake Q ya kibao peke yake ni 50, wakati Q ya kurusha, yaani jinsi pachi inavyoachia nguvu hewani, kwa unene wa milimita 1.6 ni kama 125. Sasa ukizijumlisha, ile ndogo ndiyo inayoshinda: kati ya nguvu yote inayoingia kwenye antena ni kama asilimia 28 tu inayotoka hewani, inayobaki inakipasha kibao joto. Desibeli 5 na nusu zimeondoka. Kwenye kupokea ni mbaya zaidi, kwa sababu upotevu ulioko kabla ya amplifaya ya kwanza unaingia moja kwa moja kwenye kelele, hata uweke amplifaya ya bei gani hairudishi. Na upotevu huohuo ndio unaopanua bendi na kuiremba S11, kwa sababu nguvu iliyoliwa hairudi. Rezista ya omu 50 ina S11 nzuri kuliko antena yoyote, na haipokei kitu.

Halafu kuna suala la FR4 kutotulia. Namba ya dielektriki ya kibao hiki, ile inayoamua wimbi linafupika kiasi gani, muuzaji mwenyewe hajui kama ni 4.2 au 4.5, na ukitofautiana kwa 0.1 tu L1 inahama megahezi 18, wakati upana ambao mzunguko unakuwa safi kwenye antena ya pini moja ni kama megahezi 16 jumla. Bodi mbili kutoka duka moja zilinipa frikwensi mbili. Kwa hiyo kwa wanafunzi wanaoniuliza kama FR4 inafaa, nawaambia kwa kujifunza kukata na kupima inafaa sana, nunua hata tano uharibu, ila usimkabidhi mtu akafanyie kazi.

Nikaagiza kibao kingine, RO4003C ya kampuni ya Rogers, milimita 1.52, nibandike mbili mbili nipate kama milimita 3. Ilichukua wiki saba kufika. Upotevu wake ni 0.0027, na ukiongeza unene nguvu inatoka hewani kwa urahisi zaidi, kwa mahesabu unapata asilimia 84. Bei ya hilo ni ukubwa, pachi ya L1 inatoka 46 kwenda 50, ya L5 inakuwa kama 67. Hapa ndipo mvutano wote wa antena ndogo ulipo. Unaweza kuifinya pachi kwa njia nyingi, unakata nyufa kwenye kingo ili mkondo uzunguke njia ndefu, unatoboa matundu katikati, unaweka seramiki yenye namba kubwa ya dielektriki, zote zinafanya kazi, nimejaribu nyufa mwenyewe na pachi ilishuka kutoka 50 mpaka 43. Lakini Wheeler 1947 na Chu 1948 walishaonyesha kwamba ukiifinya antena kuliko wimbi lake lazima Q ipande, bendi inabana, na upotevu mdogo uliokuwepo unaanza kuonekana mkubwa. Nilipofikia 43 upana wa mzunguko safi ulibaki megahezi 7. Nikaachana na nyufa, kwa sababu sentimita kumi nilizopewa zilikuwa zinatosha bila hizo, na milimita ambazo huzihitaji usizinunue kwa desibeli.

Bendi mbili nikazipanga kwa ghorofa. Chini graundi ya milimita 90, juu yake pachi ya L5, juu yake kibao kingine, halafu pachi ya L1. Mpangilio huu ni wa zamani, Long na Walton waliuonyesha 1979 wakitumia pachi za duara. Uzuri wake ni kwamba pachi ya L5 inageuka kuwa graundi ya L1, na pini inapita katikati ya tundu kwenye pachi ya chini bila kuigusa, inalehemiwa juu tu, lakini ikipita inaiamsha ya chini pia. Ubaya wake ni kwamba hakuna unachokigusa peke yake. Kibao cha juu kinaifunika pachi ya L5 na kuishusha frikwensi, kwa hiyo 67 ya mahesabu ikawa 65 kwenye simulesheni ya programu ya openEMS. Ukiigusa ya chini, ya juu inasogea; ukiihamisha pini, pachi zote mbili zinalalamika. Nilikuwa najifunza ile kazi usiku baada ya watoto kulala, naendesha simulesheni moja dakika arobaini, naangalia, nabadilisha nusu milimita, naendesha tena, mpaka nikawa nazijua zile namba kwa kichwa.

Ya pini moja ilifanya kazi. L1 ilikuwa safi. L5 ndiyo iliyoniletea shida ambayo sikuwa nimeiwaza: signo ya L1 ile ya kawaida inachukua megahezi mbili tu, lakini ya L5 kodi yake (code, ule mfuatano wa alama unaobebwa na signo) inakimbia mara kumi zaidi, imetandaa megahezi 20. Na pachi yangu ya L5 kwa mtindo wa kukata kona ilikuwa inazunguka safi kwa kama megahezi 7. Yaani katikati ya signo inazunguka vizuri, pembeni inageuka yai, na pembeni zaidi inakaribia kuwa mstari. Inapokea, ndiyo, ila ile faida ya L5 ya kukataa zilizodunda unaitupa mwenyewe.

Kwa hiyo nikaacha kukata kona. Pachi zikawa mraba kamili, nikaweka pini mbili, moja chini katikati nyingine pembeni katikati, na kapla ya nyuzi 90 inayogawa signo nusu kwa nusu na kuchelewesha moja kwa robo mzunguko. Kapla ya kuchora kwenye bodi haifai hapa kwa sababu inafanya kazi vizuri kwa asilimia 10 hadi 15 za bendi, na kutoka 1176 mpaka 1575 ni asilimia 29, kwa hiyo nikatumia ile ndogo ya kulehemu juu ya bodi inayofunika masafa yote. Ina miguu minne: mmoja wa risiva, miwili ya pini, na wa nne unafungwa na rezista ya omu 50.

Nikapima S11. Ndugu zangu, ilikuwa nzuri ajabu. Chini ya desibeli 20 kutoka megahezi 1100 mpaka 1650 bila kupanda. Kwa yale niliyoyapitia sikufurahi tena, nilikaa kimya nikaitazama. Pachi mbili za bendi nyembamba haziwezi kutoa mstari ule. Nguvu inaenda mahali. Nikaing'oa ile rezista ya mguu wa nne, nikalehemu konekta ya SMA pale, nikapima kutoka mguu wa kwanza kwenda wa nne. Kwenye L1 ilikuwa desibeli 13 chini, inavumilika. Kwenye L5 ilikuwa desibeli 6 tu chini, robo nzima ya nguvu ilikuwa inaishia kwenye rezista. Ndivyo kapla inavyofanya kazi: kinachorudi kutoka kwenye pini zote mbili kwa usawa hakirudi mlangoni, kinapelekwa kwenye mguu wa nne, kwa hiyo mlangoni unaona kila kitu shwari hata kama pachi haijakaa kwenye frikwensi yake. Tangu siku hiyo antena yoyote ya kapla naipima kwa mguu wa nne kwanza, S11 naiangalia mwisho.

L5 ilikuwa imekaa chini kwa megahezi 11 hivi. Nikaifungua ghorofa, nikachukua wembe, nikakwangua milimita 0.3 kila ukingo wa pachi ya chini, pande zote nne, pole pole, kwa sababu ukikwangua upande mmoja zaidi ya mwingine pini mbili haziko sawa tena na mzunguko unaharibika. Shaba ikitoka inajikunja kama ganda la kitunguu. Nikafunga tena, mguu wa nne ukasoma desibeli 15 chini. Hapo ndipo nikalala vizuri.

Kupima mzunguko wenyewe, yaani eksio reshio, watu wanadhani lazima uwe na chumba maalumu chenye kuta za sponji. Chumba ni kizuri ukiwa nacho. Mimi nilitengeneza daipoli ya mstari, nikaifunga kwenye mti wa ufagio, nikaiweka juani uwanjani mita moja na nusu kutoka kwenye antena, mbali na ukuta na mbali na gari, nikawa naizungusha ile daipoli nyuzi 22 na nusu kila hatua huku NanoVNA inaniandikia kiasi kinachopita. Antena inayozunguka mduara kamili inakupa namba ileile kila pembe. Yangu kwenye L1 kubwa na ndogo zilitofautiana desibeli 1.8, kwenye L5 desibeli 2.3. Mpaka wa kawaida watu wanaoukubali ni desibeli 3, na hapo signo ya kushoto inakuwa chini ya ile ya kulia kwa kama desibeli 15. Ukifika desibeli 1 inakuwa karibu 25, huko bado sijafika. Nilirudia kipimo asubuhi tatu tofauti kwa sababu mtu akisogea karibu namba zinacheza, mtoto wangu alipita na baiskeli nikalazimika kuanza upya.

Juu ya paa sasa zikasoma 47 kwenye L1 na 49 kwenye L5 kwa setilaiti za juu.

Nikaiweka kwenye kopo la plastiki kwa ajili ya mvua na vumbi, nikapima tena, L1 imeshuka megahezi 7 na L5 megahezi 4. Plastiki iliyokaa milimita tatu juu ya pachi inahesabika kama sehemu ya kibao. Nilichagua kopo lenye nafasi zaidi, kifuniko kikae milimita 12 juu, mshuko ukabaki megahezi 2, nikakwangua kidogo tena huku kopo lipo karibu napima nalo. Yeyote atakayejaribu, tafuta kopo lako kabla hujakata pachi.

Siku ya kukabidhi tulienda Mkuranga kwenye shamba la mikorosho ambako kuna bikoni ya zamani yenye namba zinazojulikana. Tukasimamisha fimbo mara kumi, tunaitoa tunairudisha, namba zote zikaangukia ndani ya sentimita moja na nusu, hata pale chini ya matawi ambako ile ya seramiki ilikuwa inahangaika. Jamaa yangu hakusema kitu, aliziandika zote kwenye daftari kisha akaanza kuuliza antena ya pili kwa ajili ya besi.

Mimi nilikuwa na jaribio moja zaidi. Nikaiacha fimbo palepale, nikaigeuza antena nyuzi 90, nikasubiri, 90 nyingine, mpaka ikamaliza mzunguko. Nukta ilihama milimita 4. Hiyo ni kwa sababu pini zimekaa upande mmoja na zile pachi mbili hazipokei kutoka nukta ileile kabisa, na dawa yake kamili ni pini nne, kitu ambacho nakifanyia kazi sasa hivi. Kwa wakati huo nikachukua maka nyekundu nikachora mshale pembeni ya kopo, nikamwambia kijana wake kila anaposimamisha fimbo mshale utazame kaskazini, besi na fimbo zote, ili ile milimita 4 iwe upande mmoja na ifutike kwenye hesabu. Akaniuliza mara mbili ahakikishe. Wiki iliyopita nilikuwa nao tena saiti, bosi wake alisimamisha fimbo kwa haraka, na kijana akamgusa bega akamwonyesha mshale.